Mishumaa ya Muda, Tiki, Kiasi au Matofali: Utatuzi wa Matatizo ya Chati za Biashara

Chati za bei hutofautiana kwa jambo moja kubwa, nalo ni kanuni inayoamua mshumaa (alama moja ya chati inayoonyesha bei ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia) ufungwe lini. Chati ya muda huufunga mshumaa dakika au saa zilizowekwa zikitimia, hata kama katika muda huo hakuna muamala wowote wa maana uliofanyika. Chati ya tiki huufunga baada ya idadi fulani ya miamala, chati ya kiasi hungoja mpaka hisa au mikataba ya idadi iliyopangwa iwe imeuzwa na kununuliwa, na chati ya upana huufunga pale umbali kati ya bei ya juu na ya chini ya mshumaa unapofikia kipimo kilichowekwa. Chati ya Renko, inayochora matofali badala ya mishumaa, huongeza tofali jipya bei ikishapita ukubwa wa tofali, bila kujali imechukua sekunde tatu au siku tatu. Chati ya Heikin-Ashi inakaa pembeni kidogo, kwa kuwa hufuata saa kama chati ya kawaida, ila bei inazochora ni za wastani na si zile zilizouziwa sokoni.

Mtu anapolalamika kwamba chati yake haimfai, lawama huwa inaangukia mojawapo ya mambo manne: kanuni hiyo ya kufunga, data inayoilisha chati, gharama za biashara, au mkakati wenyewe. Kubadilisha aina ya chati hutibu jambo la kwanza tu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unatafuta chanzo, na ndipo unaposhauri kama kuna haja ya kuhama. Katika kila hatua badilisha kitu kimoja kwa wakati, kwa sababu aliyebadilisha chati, kipindi na mipangilio ya viashiria (hesabu za bei zinazochorwa juu ya chati au chini yake) siku moja hawezi tena kujua ni kipi kilicholeta nafuu au madhara.

Dalili: ishara za uongo ni nyingi soko likitulia, na ishara za kweli huchelewa soko likichangamka

Hili ndilo lalamiko halali zaidi dhidi ya chati za muda. Katika soko la sarafu, ambalo hufanya kazi saa 24, chati ya dakika 5 huchora mishumaa 288 kwa siku, na kila mmoja una uzito uleule mbele ya kiashiria. Mshumaa uliochorwa baada ya New York kufunga, wakati bei inapapasa huku na huku ndani ya pipsi mbili (pipsi moja ni kipimo kidogo cha mwendo wa bei ya sarafu, kwa kawaida 0.0001), unahesabiwa sawa na ule uliochorwa London na New York zikiwa zimefunguka pamoja. Wastani unaosogea wa mishumaa 20 ukishajazwa mishumaa ya usingizi hulala bapa, na bei huuvuka juu na chini mara kwa mara, kila mvuko ukionekana kuwa ni ishara. Kwa upande wa pili, takwimu za ajira za Marekani zinapotoka saa 8:30 asubuhi kwa saa za New York (2:30 asubuhi kwa anayehesabu kwa Kiswahili), mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mshumaa mmoja unaweza kubeba mwendo wote, na anayesubiri ufungwe anaingia sokoni bei ikiwa imekwisha kwenda.

Kabla ya kuhama, fungua kumbukumbu zako za biashara na uandike saa ya kuingia mbele ya kila hasara. Hasara zikiwa zimerundikana katika saa za utulivu, dawa ni nyepesi kuliko chati mpya: acha kufanya biashara saa hizo, na chati ibaki ilivyo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya wanaokimbilia chati za tiki walikuwa wanahitaji tu kuchagua saa za kazi.

Hasara zikiwa zimetawanyika hata katika saa za shughuli nyingi, chati ya tiki au ya kiasi inastahili kujaribiwa, kwa sababu hupunguza mwendo soko linapopoa na kuuongeza soko linapowaka. Wazo hili si la mtaani. Mwaka 1967 watafiti Benoit Mandelbrot na Howard Taylor walipendekeza kwamba mabadiliko ya bei yapimwe kwa miamala badala ya saa, na mwaka 1973 Peter Clark alitumia data za mikataba ya baadaye (ya kununua au kuuza kitu tarehe ijayo kwa bei iliyokubaliwa leo) ya pamba kuonyesha kwamba mabadiliko hayo hukaribia zaidi mtawanyiko wa kawaida yakihusishwa na kiasi kilichouzwa. Hayo yanathibitisha kwamba chati ya kiasi ina msingi wa kitakwimu. Hayathibitishi kwamba ina faida mfukoni.

Ukubwa wa mshumaa usikisiwe. Tuseme unatumia chati ya dakika 5 kwa hisa ya soko la New York, ambako kikao cha kawaida kina dakika 390, yaani mishumaa 78. Hisa hiyo ikiwa huuzwa wastani wa hisa 3,900,000 kwa siku, gawanya kwa 78 upate mshumaa wa hisa 50,000. Sasa chati zote mbili zina idadi ileile ya mishumaa kwa siku ya wastani, na tofauti iliyobaki ni mahali mishumaa hiyo ilipowekwa. Ulinganisho wa namna hiyo ni wa haki, ilhali kulinganisha chati ya muda yenye mishumaa 78 na chati ya tiki yenye mishumaa 600 ni kulinganisha vipindi viwili tofauti kabisa. Hesabu hiyo irudiwe kila baada ya miezi kadhaa, kwani kiasi cha biashara hupanda na kushuka kwa majira.

Dalili: chati yako ya tiki au ya kiasi haifanani na ya mwenzako

Hapa chanzo ni data. Soko la sarafu la papo kwa papo halina ukumbi mmoja unaokusanya miamala yote, hivyo kila dalali huhesabu mabadiliko ya bei yanayopita katika mfumo wake mwenyewe. Kile kinachoonyeshwa kama kiasi chini ya chati ya jozi ya sarafu ndani ya MetaTrader, programu ya biashara inayotolewa na madalali wengi, kwa kawaida ni idadi ya mabadiliko ya bei, wala si fedha zilizouzwa. Watu wawili walio kwa madalali wawili wakifungua chati ya tiki 500, mishumaa yao itaanza na kuishia mahali tofauti, na muundo utakaoonekana upande mmoja huenda usiwepo upande wa pili.

Katika mikataba ya baadaye inayouzwa kwenye soko rasmi kama CME ya Chicago, miamala ni ya wote, lakini tofauti haziishi. Oda moja ya mikataba 50 iliyokutanishwa na wauzaji kumi inaweza kuandikwa kama muamala mmoja na mtoa data huyu, na kama kumi na yule. Chati ya kiasi haiathiriwi sana na jambo hilo, kwa kuwa mikataba inabaki 50 vyovyote iwavyo. Chati ya tiki ndiyo inayoyumba. Pia kuna suala la mahali hesabu inapoanzia. Programu ikihesabu mfululizo bila kuanza upya kila kikao, mtandao ukikatika kidogo tu, mipaka ya mishumaa yote inayofuata inasogea.

Kipimo chake ni rahisi: fungua chati ileile, yenye mipangilio ileile, kwenye kompyuta mbili, kisha izime moja kwa dakika chache na kuiwasha tena. Mishumaa ikitofautiana, tafuta mpangilio unaoanzisha hesabu upya mwanzoni mwa kikao, na ukikosa mpangilio huo usijenge mkakati unaotegemea umbo la mshumaa mmoja. Kwa anayefanya biashara ya sarafu za papo kwa papo, ushauri wangu ni wa moja kwa moja: chati ya kiasi iachwe, na ya tiki itumike kwa dalali mmoja tu bila kulinganishwa na ya mtu mwingine. Anayetaka kuona kiasi cha kweli katika sarafu aangalie mikataba ya baadaye ya sarafu hizo.

Dalili: mshumaa wa saa 4 au wa siku una sura tofauti kwenye programu nyingine

Wengi hudhani chati za muda ni zilezile kwa kila mtu. Kwa dakika 1 hadi saa 1 dhana hiyo ni sahihi kwa kiasi kikubwa, lakini kuanzia saa 4 kwenda juu kila kitu kinategemea usiku wa manane wa seva ya dalali. Madalali wengi huipanga seva ili siku ifungwe saa 17:00 kwa saa za New York, kwa mfumo wa saa 24, na kwa hiyo juma lina mishumaa mitano ya siku. Aliyeiweka seva kwenye saa za Greenwich hupata mshumaa mfupi wa sita, wa Jumapili, wenye saa mbili au tatu tu, na wastani wa siku 20 unauhesabu mfupi huo kama siku kamili.

Katika hisa kosa hujificha vizuri zaidi. Dakika 390 za New York hazigawanyiki kwa 60, hivyo chati ya saa 1 hutoa mishumaa sita mizima na nusu moja, na chati ya saa 4 hutoa mmoja wa saa 4 na mmoja wa saa 2 na nusu. Mshumaa wa mwisho unaonekana mdogo na dhaifu, na mtu anausoma kama dalili ya soko kuchoka, kumbe ni hesabu tu. Tiba haidai kuacha chati za muda. Dakika 30 hutoa mishumaa 13 kamili, na programu inayoruhusu vipindi vya kujipangia inaweza kuwekwa dakika 65, ambazo hutoa sita kamili, au dakika 78, ambazo hutoa mitano.

Dalili: mkakati unang'ara kwenye majaribio ya Renko, kisha unapoteza fedha sokoni

Dalili hii inahitaji kukaguliwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowashawishi watu kuweka fedha nyingi wakiwa na uhakika usio na msingi. Chanzo cha kwanza ni bei zisizokuwepo. Chukua matofali ya pipsi 10, la mwisho likiwa la kupanda kutoka 1.1000 hadi 1.1010. Ili tofali la kushuka litokee, bei lazima ifike 1.0990, yaani ishuke pipsi 20 kutoka ukingo wa juu. Ikifika hapo, programu inachora tofali linaloanzia 1.1000 na kuishia 1.0990. Jaribio la mkakati linalouza kwenye bei ya kufungulia ya tofali hilo linauza 1.1000, bei ambayo ilikwisha kupita kabla ishara haijazaliwa. Kila muamala wa kugeuka unapewa zawadi ya pipsi 10 ambazo hakuna soko litakalokulipa.

Chanzo cha pili ni jinsi historia ilivyojengwa. Programu nyingi huyatengeneza matofali ya zamani kutokana na bei za kufungia za kipindi fulani, kwa mfano saa 1, halafu ya moja kwa moja huyatengeneza kutokana na kila badiliko la bei. Matofali ya zamani hayaoni mishale mirefu ya bei iliyotokea ndani ya saa na kurudi, ambayo ingeligusa agizo la kuzuia hasara. Historia inakuwa laini, na leo inakuwa na mikwaruzo.

Chanzo cha tatu ni miruko. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa kikomo cha faranga 1.20 kwa yuro moja, na ndani ya dakika chache bei ikaanguka hadi chini ya 1.00. Renko au chati ya upana huuchora mwendo wa aina hiyo kama ngazi nadhifu, tofali baada ya tofali, kana kwamba mtu angeweza kushuka kwenye kila kidato. Chati ya dakika 1 inaonyesha mshumaa mmoja wa kutisha, na kwa mtu anayetaka kujua hatari yake mshumaa huo ni mkweli zaidi.

Heikin-Ashi ina ugonjwa unaofanana. Bei yake ya kufungia ni jumla ya bei za kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia ikigawanywa kwa nne, na bei yake ya kufungulia ni nusu ya jumla ya bei ya kufungulia na ya kufungia za mshumaa wake uliotangulia. Mshumaa halisi uliofunguliwa 100, ukapanda 104, ukashuka 99 na kufungwa 103 utaonyeshwa kama umefungwa 101.5. Jaribio linalonunua kwa 101.5 limenunua kitu ambacho wakati huo kilikuwa kinauzwa 103.

Ukaguzi ufanyike hivi: chukua miamala ya jaribio, hasa ile ya faida kubwa, uiweke juu ya chati ya dakika 1 ya bei halisi, na uulize kama bei ya kuingia ilikuwepo baada ya ishara kutokea na si kabla. Kisha rudia jaribio zima likitekeleza oda kwa bei halisi pamoja na spredi (pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia). Faida ikitoweka, hakuna cha kurekebisha kwenye chati. Mkakati haukuwahi kuwa na faida. Ikipungua bila kutoweka, Renko inaweza kubaki kama kioo cha mwelekeo, lakini kuingia, kutoka na kuweka agizo la kuzuia hasara vipangwe kwenye chati ya bei halisi.

Dalili: matofali hubadilika ukifunga chati na kuifungua tena, au huganda

Mara nyingi ukubwa wa tofali umewekwa kwa ATR (wastani wa upana wa mwendo wa bei katika mishumaa ya karibuni), ambayo huhesabiwa upya kadiri soko linavyobadilika. Ikikua, historia nzima huchorwa upya kwa matofali makubwa, na ishara ya jana hupotea. Weka ukubwa usiobadilika, na kama programu inaruhusu, weka pia bei ya kuanzia. Kuganda ni jambo jingine. MetaTrader 4 ina vipindi 9 vya muda na haina Renko ya asili, hivyo programu ya nyongeza huunda chati ya pembeni na kuilisha. Programu hiyo ikisimama, chati inabaki na bei ya zamani bila onyo lolote.

Dalili: ishara ni nzuri, lakini akaunti inapungua polepole

Hapa chanzo ni gharama. Chati za upana na Renko huvutia watu kwenye vipimo vidogo, kwa kuwa mwelekeo unaonekana safi, lakini spredi haipungui pamoja na tofali. Spredi ya pipsi 1.5 kwenye tofali la pipsi 5 ni asilimia 30 ya kila tofali. Kwenye tofali la pipsi 20 ni asilimia 7.5. Ongeza ukubwa kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Kuna dalili ndogo inayoambatana na hii: agizo la kuzuia hasara limeguswa, na chati inaonyesha bei haikufika. MetaTrader huchora bei ya kuuzia peke yake isipoambiwa vinginevyo, ilhali nafasi ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia. Karibu na saa 17:00 za New York spredi hupanuka, bei ya kuuzia hudidimia na kurudi, na chati ya upana inaweza kuchora mishumaa kadhaa wakati hakuna mtu aliyefanya biashara ya maana. Washa mstari wa bei ya kununulia, na saa hiyo iepukwe kwenye chati zinazofuata bei.

Dalili: viashiria ulivyovizoea vimekuwa vigeni

Kipimo cha mishumaa 14 katika RSI (kiashiria cha nguvu ya mwendo wa bei) na ATR kinatokana na kazi ya mwaka 1978 ya J. Welles Wilder, mbunifu wa viashiria hivyo, aliyetumia data za siku. Kwenye chati ya tiki mishumaa 14 inaweza kuwa sekunde 40 au dakika 40, kutegemea saa, na ATR ya chati ya upana karibu haibadiliki kwa sababu kila mshumaa umelazimishwa kuwa na upana uleule. Kwa hiyo usihamishe vipimo; vijaribu upya, na kiashiria kinachopima upana kiondolewe kabisa kwenye chati ambayo upana wake ni wa kudumu. Zana zinazotegemea saa, kama bei ya juu ya jana au upana wa nusu saa ya kwanza ya kikao, zinahitaji chati ya muda iwe wazi pembeni.

Dalili: kila chati hufanya vizuri kwa wiki mbili, kisha huharibika

Hapo tatizo haliko kwenye chati. Andika kanuni za kuingia na kutoka kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuzifuata, uzitumie kwenye chati ya muda na kwenye ile unayoifikiria, kwa kipindi kilekile cha soko, zikiwa na idadi inayokaribiana ya mishumaa kwa siku na gharama zilezile, kisha ulinganishe miamala mmoja mmoja badala ya jumla ya faida. Ukiona miamala mingi ni ileile, ikipishana kwa bei ndogo tu, baki na chati ya muda: historia yake ni ndefu, ilhali programu nyingi huhifadhi data za tiki kwa kipindi kifupi kisichotosha jaribio lolote la kuaminika, na vipindi vya chati ya muda vinaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye data za kawaida. Ukiona chati mpya imeondoa hasara za saa za utulivu bila kuondoa faida za saa za pilikapilika, hapo kanuni ya kufunga ndiyo iliyokuwa tatizo, na kuhama kuna sababu.